Wageni wa Chumba cha Uani

Kabla sijajua kwamba ni santuri, nilitafuta viatu.

Ilikuwa Jumamosi, alasiri imeshaadhiniwa, nami natoka sokoni na furushi langu la mitumba kichwani. Nilipoingia uani nikasikia watu wakipiga makofi ndani ya chumba cha mpangaji wetu mpya. Si wawili wala watatu, umati. Walipiga makofi, wakapiga miluzi, mwanamume mmoja akapaza sauti kama aliyeona timu yake imefunga goli, na mahali fulani katikati yao mwanamke akacheka kicheko kirefu. Nilishusha furushi polepole nikatazama mlangoni. Kwetu mtu haingii chumbani na viatu, anaviacha kizingitini, kwa hiyo ukitaka kujua nani yumo ndani huna haja ya kuuliza. Pale kizingitini palikuwa na jozi moja tu: viatu vyeusi vya kiume, vya kufunga kamba, vimeng'arishwa kuliko inavyompasa mtu asiye na kazi.

Umati mzima na jozi moja ya viatu. Nikasema moyoni, huyu ana walakini.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Sikuzaliwa hivyo. Nililelewa katika miaka ya foleni, miaka ambayo ukipata kipande cha sabuni jirani anakuuliza unamjua nani dukani. Ilipokuja miaka ya ruksa na maduka ya Dodoma yakajaa sabuni za kila rangi mpaka nje barazani, wenzangu walizinunua. Mimi nilizinusa kwanza. Halafu niliolewa Mpwapwa, kwa mwanamume mpole, mwenye kuswali, asiyeinua sauti, na baada ya miaka mitatu nikagundua kwamba upole ule alikuwa akiugawa nyumba mbili. Mji mzima ulikuwa unajua. Muuza nyama alikuwa anajua, ndiyo maana siku zote alinikatia nyama nzuri kwa kunihurumia. Nilirudi kwa mama Dodoma na sanduku moja na kiapo kimoja: sitakuwa tena mtu wa mwisho kujua.

Mama alikuwa mjane. Baba, aliyekuwa mfanyabiashara kama baba zake waliofuata misafara ya zamani wakaishia hapa, alituachia nyumba ya vyumba sita na ua, karibu na msikiti. Mama mwenyewe ni wa Kondoa, mwanamke mwembamba, mkimya, ambaye tangu atoke eda alikuwa hatoki tena kwa jambo lolote isipokuwa msiba na harusi. Vyumba vitatu tulipangisha. Chumba cha uani, kile chenye dirisha linalotazama jiko, ndicho alichochukua yule mzee.

Namwita mzee, ingawa alikuwa bado hajafika sitini. Alikuwa karani wa shirika moja la umma lililokuwa linafungwa, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, mkewe alikwisha kufa, watoto walikuwa wakubwa na wako mbali. Alikuja na kitanda, kabati la vitabu lisilo na kioo, na boksi. Alinisalimu kwa heshima kupita kiasi. Kila nilipomwamkia, "Shikamoo mzee," aliitikia "Marahaba mwanangu" na kusimama kabisa, kama mimi ndiye mkubwa. Mume wangu naye alikuwa mtu wa kusimama.

Siku ile ya makofi nilimfuata mama jikoni nikamwuliza kwa kunong'ona ni nani waliomo mle ndani.

"Ni santuri," akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Anaita jazi."

"Jazi gani haina gitaa?"

"Kamwulize mwenyewe."

Nilikwenda, kwa sababu nilitaka kuona kama boksi lile lina santuri kweli. Alifurahi mno. Alinionyesha jalada: wanaume zaidi ya kumi na watano wamekaa safu kwa safu, makoti meupe, kila mmoja ameshika tarumbeta au saksafoni, na mbele yao vichwa vya watu waliokaa mezani ukumbini. Santuri ile aliuziwa na mzungu mmoja aliyekuwa mtaalamu shirikani, siku mzungu yule alipokuwa akifungasha kurudi kwao. Gramafoni yenyewe aliiazima kwa fundi redio. Akanieleza kwamba haikurekodiwa studio, ilirekodiwa palepale ukumbini, watu wakiwamo, na ndiyo maana unawasikia. "Ukisikiliza vizuri," akasema, "kuna mtu anaangusha glasi."

Kwa nini mtu anifurahie hivyo? Nilijiuliza nikiwa natoka.

Sasa nikiri jambo ambalo sikumkiria mtu kwa miaka. Santuri ile niliipenda. Jumamosi zilizofuata nilikuwa nafunga meza yangu sokoni mapema, narudi, nachukua nguo za kubandika vifungo, nakaa chini nimeegemea ukuta wa chumba chake kwa nje, upande wa choo, mahali ambapo mtu hakai bila sababu. Sisi tulizoea jazi ya dansi, mwimbaji anakulilia mapenzi, magitaa yanazungumza, unacheza. Hii haikuwa na mwimbaji hata mmoja. Saksafoni zilianza chini, zote pamoja, kwa pumzi moja, halafu matarumbeta yakaingia kwa juu ghafla kiasi kwamba Jumamosi ya kwanza nilijichoma sindano. Kulikuwa na mpiga tarumbeta mmoja aliyechelewa kila mara. Wenzake walikuwa wamekwisha kusema, yeye ndiyo kwanza anajibu, kwa sauti ndogo yenye kukwaruza, na ukumbi wote ulimngoja. Nilimshuku naye pia. Nilidhani mtu anayejichelewesha namna ile anatafuta kupendwa. Lakini nilimngoja kama wengine.

Na kulikuwa na upande wa pili wa santuri. Katikati ya wimbo mmoja mrefu bendi nzima ilikata, pu, kimya. Watu ukumbini wakadhani umekwisha, wakapiga makofi. Ndipo mpiga ngoma akagonga mara tatu na wote wakarudi kwa nguvu kuliko kwanza, na wale waliopiga makofi wakajicheka kwa kudanganywa. Kicheko kile kirefu cha mwanamke kilitoka hapo. Nami nilidanganywa Jumamosi mbili mfululizo nikiwa nyuma ya ukuta, nikacheka peke yangu na vifungo mdomoni.

Jumamosi ya tano au ya sita nilichelewa sokoni. Nilipofika uani bendi ilikuwa imeshapamba moto, na pale kizingitini palikuwa na jozi mbili. Viatu vyeusi vya kamba, na pembeni yake kandambili za mama.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa upande mmoja, kila kitu kwa adabu, mtu yeyote angeweza kuona ndani. Mama alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, ungo wa mchele wa Bahi mapajani, anachagua mawe. Mzee yuko upande wa pili wa chumba, kando ya gramafoni. Hawakuwa wanazungumza. Bendi ikakata. Watu ukumbini wakapiga makofi. Mama hakupiga, aliinua kidole kimoja, kana kwamba ananyamazisha watoto, akasema, "Bado." Mpiga ngoma akagonga mara tatu. Wimbo ulipokwisha kweli, mama akaweka ungo chini akapiga makofi pamoja nao, vumbi la mchele likiruka mikononi, akitabasamu kwa meno yote. Sikuwa nimeyaona meno ya mama tangu baba afe.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilizihesabu tena zile jozi.

Kuanzia hapo nilimchunguza mzee yule kama askari. Nilitazama takataka zake. Nilimwuliza fundi redio habari zake, na fundi aliposema ni mtu mzuri nilimshuku fundi. Mjini wakati ule kulikuwa na habari nyingi za nyumba za wajane: mtu anakuja kama mpangaji, anakuwa msaidizi, anakuwa mume, na kesho watoto wa marehemu wanaonyeshwa mlango. Viwanja vilianza kuwa na thamani, kila mtu alikuwa na binamu ofisi ya ardhi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia kila nikipita kwenye dirisha lile.

Jioni moja tukiwa tunamenya karanga mama akasema, kwa sauti ileile ambayo angeniambia chumvi imekwisha, "Yule mzee anataka kutuma watu Kondoa kwa mjomba wako, wakishavuna."

"Kutuma watu kwa nini?"

"Watu hutumwa kwa nini?"

Nikamwuliza yeye anasemaje. Akamenya karanga tatu nne. "Nimemwambia atume," akasema.

Niliogopa. Sitatafuta neno jingine. Nyumba ile ndiyo ilikuwa mahali pangu pekee. Mama akiolewa, nyumba ingepata mwanamume, na mimi, mtoto aliyeachika akarudi, ningekuwa mgeni wa kukaribishwa chakula. Lakini hofu haipendi kuitwa jina lake. Nilijiambia namlinda mama. Nilijiambia hivyo njia nzima, asubuhi iliyofuata, nikienda kwa balozi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee wa kanzu na daftari. Kwa miaka yote ya chama kimoja, mgeni hakulala mtaani bila jina lake kuingia katika daftari lile. Sasa vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, vijana walianza kumpita bila kumwamkia, na daftari alilishika kwa nguvu zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mzee, nilikuwa nauliza tu. Yule mpangaji wetu wa uani, wageni wake umewaandika?"

"Wageni gani?"

"Mimi siwajui. Nasikia tu. Kila Jumamosi baada ya alasiri. Wanapiga makofi."

Kalamu ikasimama. "Makofi?"

"Makofi na miluzi. Ni wengi."

"Mkutano," akasema balozi, si kwangu.

Sikusema uongo hata neno moja. Niliyapima maneno yangu kama muuza dhahabu, nikamwachia yeye kosa alifanye mwenyewe. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba nilijua vizuri sana ni nini, na balozi, mzee wa watu, hakuwa amewahi kusikia santuri yenye watu ndani yake.

Jumamosi ile alikuja na wanaume wawili wa mtaani. Mimi nilikuwa jikoni, nimeinamia moto usiohitaji kupulizwa. Mlango ulikuwa wazi, ila upepo ulikuwa umelishusha pazia; walisimama katikati ya ua wakisikiliza. Bendi ilikuwa upande wa pili. Ikakata, makofi yakalipuka, na mmoja wa wale wawili akasema, "Wanamaliza, watatoka." Balozi akasogea kizingitini. "Hodi humu!" Hapo ndipo mpiga ngoma alipogonga mara tatu na matarumbeta yote yakamjibu, na balozi akaruka nyuma akamkanyaga mwenzake.

Pazia likafunguliwa. Mzee alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Mama alikuwa kitini kwake karibu na mlango, kidole bado kiko hewani.

"Wageni wako wapi?" balozi akauliza.

Mpangaji alitazama huku na huku, akaelewa, akainua sindano ya gramafoni. Nyumba nzima ikanyamaza. "Ndio hawa, mzee," akasema. Akairudisha, wakapiga makofi. Akainua tena, wakanyamaza.

Balozi akavua kofia. "Hao wako wapi?"

"Ng'ambo. Ni ukumbi wa zamani. Nadhani wengi wao wamekwisha kufa."

"Na bado wanapiga makofi," akasema balozi taratibu, na naapa aliona huruma. Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha, na mimi ndiye ningeisimulia kila Idi.

Lakini wale wawili hawakuwa wanaangalia gramafoni. Walikuwa wanaangalia kizingiti, zile jozi mbili. Mmoja akamgusa mwenzake. Mama akaona. Akainuka, akachukua ungo wake, akavaa kandambili zake mbele yao, akavuka ua akaingia ndani kwake bila kukimbia. Punje za mchele zilimdondoka njia nzima. Nilizifagia baadaye.

Jumatatu mji ulikuwa unajua kwamba mjane wa karibu na msikiti amekutwa chumbani kwa mpangaji, balozi ni shahidi. Mlango uliokuwa wazi haukutajwa. Santuri haikutajwa, kwani nani angeisadiki? Wiki haikuisha mjomba akatuma ujumbe kutoka Kondoa kwa dereva wa lori: asisikie kabisa habari ya mpangaji, na mtu yeyote akitumwa kwake asije. Balozi alikuja mwenyewe kumwomba mama radhi. Mama alimpa kahawa. Nilisubiri balozi aseme nani alimpelekea habari, masikio yakinilia. Hakusema, au mimi sikumsikia, kwa maana nilikuwa nyuma ya mlango na walizungumza kwa sauti ya chini.

Mpangaji aliondoka Jumanne ya pili, asubuhi, kwa basi la Mpwapwa. Alikuwa na ndugu Kibakwe mwenye shamba mlimani. Gramafoni ilikwisha rudi kwa fundi. Mama hakutoka kumuaga. Alikuwa amejifungia, anaswali, au amekaa tu. Mzee alinipa ile santuri mimi. "Mpe mama," akasema. "Nawe ulikuwa unaipenda, mwanangu. Nilikuwa nakusikia ukicheka nyuma ya ukuta, ndiyo maana nikawa nafungua dirisha."

Alipopinda kona nilifanya nini? Niliitoa santuri katika jalada lake, nikalitikisa, nikachungulia ndani kutafuta barua. Hapakuwa na barua. Nikampelekea mama.

Aliisimamisha katika kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya sahani za maua, na pale ikakaa. Kila Idi nilipotoa sahani niliwaona wale wanaume wa makoti meupe wakinitazama na matarumbeta yao. Nyumba ikabaki yetu. Mimi sikuwa mgeni. Mama akarudi katika ukimya wake, wa misiba na harusi, na baadaye, macho yalipoanza kuingia ukungu, wa misiba tu. Mara moja tulisikia kwamba mzee wa Kibakwe ameugua, halafu kwamba amefariki. Mama alisema inna lillahi, akaomba maji ya kutawadha. Sokoni, meza yangu ikawa kibanda, kibanda kikawa duka. Nilikuwa nafanikiwa, na kila Jumamosi alasiri nilitafuta kazi ya kufanya mbali na nyumbani.

Ilinichukua miaka mingi kununua gramafoni. Wakati huo watu walikwisha kuhamia kanda, wengine wakaanza sahani zile ndogo zinazong'aa, na gramafoni yangu niliikuta kwa kijana aliyeuza vyombo vilivyotumika vya Ulaya, imefunikwa na pasi na majiko. Niliijaribu. Niliinusa pia, kwa mazoea. Nikaibeba nyumbani Jumamosi.

Mama alikuwa amekaa kitini chumbani kwake, ungo mapajani, anachagua mawe kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia tena. Niliitoa santuri kabatini, nikaipangusa kwa upande wa khanga yangu, nikaanza na upande wa pili.

Saksafoni zikaingia. Vidole vya mama vikasimama ndani ya mchele. Yule wa tarumbeta akachelewa, kama kawaida yake, na tukamngoja wote wawili. Glasi ikaanguka, ni kweli, kuna mtu anaangusha glasi, sikuwahi kuisikia nikiwa nyuma ya ukuta. Niliketi sakafuni karibu na miguu yake, na kwa mara ya kwanza nikaisikiliza santuri ile bila kumvizia mtu yeyote. Bendi ikakata. Mikono yangu ikainuka yenyewe.

"Bado," mama akasema.

Mpiga ngoma akagonga mara tatu. Mwanamke akacheka kicheko chake kirefu, na mama akacheka naye, na nikayaona meno yake, yaliyobaki. Wimbo ulipokwisha kweli aliweka ungo chini akapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba haoni vizuri. Nikaongeza sauti ili asinisikie.

"Punguza, mwanangu," akasema, bado anapiga makofi, taratibu, bila ukali wowote. "Utamwita tena balozi."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Alikuwa akila chakula changu, akiniuguza malaria, akiniombea dua kila alfajiri, miaka yote ile, na anajua. Kwa mara ya pili maishani mwangu nilikuwa mtu wa mwisho kujua.

Balozi alikwisha kufa zamani. Nilipunguza sauti.